Je, Wakuria Walitoka Misri? Nasaba ya Mbali na Nasaba ya Karibu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wanadamu kutokana na asili moja kisha akawatawanya wakawa mataifa na makabila. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Katika darsa tuliyosomesha Nyakunguru, upande wa Nyamongo wilayani Tarime, tulikuwa tunapitia madaftari ya wanafunzi kuangalia hati zao za Kiarabu. Mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na ushei aliyesilimu si zamani, alikuwa ameandika jina lake juu ya jalada kwa hati nzuri, na mwisho wa jina akaongeza nisba "al-Misri". Tukamwuliza: je, umezaliwa Misri, au umesoma huko? Akajibu kwa adabu: "Hapana, Sheikh. Ila wazee wetu wanasema sisi Wakuria tulitoka Misri, nami nimeona niirudishe asili yangu." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema ni kweli, naye aliyasikia hayo kwa baba yake.

Hatukumjibu siku ile. Swali la asili ya watu huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu, na sisi hatukuwa na vitabu mkononi. Haya tunayoandika ndiyo jawabu tulilomwahidi, na tumelirefusha kidogo kwa sababu swali hilohilo huulizwa pwani kuhusu Shiraz, na liliulizwa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kuhusu Wakurdi.

Al-Mas'udi na khabari za Wakurdi

Wanafunzi wetu wengi wanamjua Abul Hasan Ali al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 345 Hijria (956 Miladia), kwa sababu aliifikia pwani yetu. Katika kitabu chake Muruj al-Dhahab anaeleza kuwa safari yake ya mwisho katika bahari ya Zanj ilikuwa kutoka Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, na kwamba katika kisiwa hicho walikuwepo Waislamu wanaozungumza lugha ya Zanj. Wachunguzi wengi wa leo wanadhani Qanbalu ni Pemba. Basi mtu huyuhuyu aliyetuandikia sisi, katika kitabu hichohicho, ameandika pia mlango kuhusu Wakurdi na asili yao. Tumeona mlango huo ni funzo kubwa kuliko khabari yenyewe iliyomo.

Al-Mas'udi hasemi kauli moja. Anasema wapo wanaowanasibisha Wakurdi na Rabia bin Nizar, yaani Waarabu wa kaskazini, kwamba walijitenga milimani zamani, wakakaa jirani na Waajemi, wakaisahau lugha yao. Wapo wanaowanasibisha na Mudhar bin Nizar, kwa babu aitwaye Kurd. Wapo waliosema mambo ya ajabu kuhusu wajakazi wa Nabii Suleiman (a.s.) na shetani aliyechukua sura yake. Na wapo Waajemi wasemao kuwa Wakurdi ni kizazi cha watu waliookolewa kwa siri wasichinjwe na mfalme dhalimu Dhahhak, wakakimbilia milimani na kuzaliana huko. Naye mwenyewe akaelemea upande wa Rabia bin Nizar.

Ndugu msomaji, zitazame kauli hizi nne. Ile ya Suleiman na ya shetani ni ya majirani wasiowapenda Wakurdi. Ile ya Dhahhak ni ya Waajemi, nayo inawaingiza Wakurdi katika taarikhi ya wafalme wa Kiajemi. Zile mbili za Kiarabu zilienea wakati ambapo utawala na heshima vilikuwa mikononi mwa Waarabu, na kwa mtu wa mlimani kuwa na babu wa Kiarabu ilikuwa mlango wa kuheshimiwa. Kila khabari imebeba alama ya mahali ilipotoka. Hatusemi kwamba al-Mas'udi alidanganya, hasha. Alikusanya alichokisikia, na kukusanya huko ni amana. Lakini kukusanya ni kazi moja na kupima ni kazi nyingine.

Karne mbili na nusu baadaye jambo hili likawa la siasa. Nyumba ya Salahuddin al-Ayyubi ilikuwa ya Kikurdi. Ibn Khallikan, kadhi aliyefariki mwaka 681 Hijria (1282), anaeleza kuwa jamaa zake walitoka Duwin, mji uliokuwa katika nchi ya Armenia, katika kabila la Rawadiya. Lakini mmoja wa watoto wa ndugu zake Salahuddin, al-Muizz Ismail, alipotawala Yemen alijidai kuwa yeye ni Mkureishi wa Banu Umayya, akataka kuhutubiwa kwa jina la khalifa. Ibn al-Athir ametaja kuwa ami yake, al-Malik al-Adil, lilimchukiza jambo hilo, akamwandikia kumlaumu na kumtaka arudi kwenye nasaba yake iliyo sahihi, naye asisikie. Tazama ami mtu anavyomkataza mwana wa nduguye kujipa ukoo mtukufu! Kwake nasaba ya Kikurdi haikuwa aibu hata ikimbiwe. Wao ndio walioirudisha Baytul Maqdis mwaka 583 Hijria, na waliirudisha wakiwa Wakurdi.

Majirani zao Waarmenia nao wana mfano wao. Mwandishi wao wa kale, Movses Khorenatsi, amewaandikia kuwa babu yao ni Hayk, katika kizazi cha Yafith bin Nuh. Kwa karne nyingi hiyo ndiyo ilikuwa taarikhi. Kisha wakaja wataalamu wa lugha. Mwaka 1875 Mjerumani Heinrich Hübschmann alithibitisha kuwa Kiarmenia si tawi la Kiajemi kama ilivyodhaniwa, bali ni tawi linalojitegemea katika ukoo mkubwa wa lugha zinazotoka India hadi Ulaya. Wakati Kikurdi kimo katika tawi la Kiajemi. Kuhusu Wakurdi, Vladimir Minorsky aliwaunganisha na Wamedi wa kale, na mwaka 1961 D. N. Mackenzie akampinga kwa hoja za lugha. Mjadala haujafungwa. Tunachokiona ni kuwa walioacha kuuliza "babu yenu ni nani?" wakauliza "mnazungumzaje?" ndio waliosonga mbele zaidi.

Misri ya Wakuria

Sasa turudi Mara. Khabari ya kutoka Misri si ya Wakuria peke yao. Wagusii wa Kenya wanayo, na Walogoli walioko kaskazini zaidi wanayo. Paul Asaka Abuso, aliyeandika mwaka 1980 kitabu kuhusu historia ya jadi ya Abakuria tangu karibu mwaka 1400 mpaka 1914, aliikusanya kutoka kwa wazee. Kwa hiyo mzee wa Nyakunguru hakuizua, na kijana wetu hakuiota. Imepokewa na wengi.

Lakini wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua kuwa wingi wa wapokezi peke yake hautoshi. Khabari ya mutawatir ina sharti kuwa wingi huo uwepo katika kila tabaka, mpaka kuishia kwa watu walioliona jambo kwa macho au kulisikia kwa masikio. Watu elfu moja wakipokea kutoka kwa mtu mmoja, hiyo ni khabari ya mtu mmoja. Basi tuulize: mpokezi wa kwanza wa neno hili "Misri" ni nani?

Neno lenyewe linatupa dalili. "Misri" ni jina ambalo Waarabu na Wayahudi wanaiita nchi ile. Watu wake wa kale, katika lugha yao wenyewe, waliiita kwa jina jingine. Bara kwetu neno hili limefika kwa Kiswahili, kwa midomo ya wafanya biashara waliotoka pwani, na baadaye kwa Biblia ya Kiswahili yenye kisa cha wana wa Israili kutoka Misri. Waadventista walifika pande za Ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamenonaiti wakajenga Shirati mwaka 1934. Mtu aliyefundishwa kusoma kwa kitabu chenye kisa cha taifa lililotoka Misri, likavuka maji, likatangatanga na mifugo yake mpaka likapata nchi, si ajabu akaisikia humo sauti ya babu zake. Wakati huohuo wazungu wasafiri na watawala walikuwa na dhana yao, tangu John Hanning Speke mwaka 1863 mpaka C. G. Seligman mwaka 1930, kwamba kila jambo la maana katika Afrika lililetwa na watu wa kaskazini waliowaita wana wa Ham. Dhana hiyo ilikuwa na ubaya wake: iliwanyima watu weusi sifa ya kazi ya mikono yao wenyewe. Inasikitisha kuwa wako baadhi yetu, Waislamu, wanaoirudia bila kujua ilikotoka, wakidhani wanajipandisha daraja.

Je, basi khabari ya Misri ni uongo? Hapa tunapenda kwenda taratibu. Mwanahistoria wa Kenya William Ochieng', katika utafiti wake juu ya Wagusii uliotoka mwaka 1974, aliona kuwa "Misri" hiyo isitafutwe kwenye Mto Nile wa Farao bali kaskazini ya Mlima Elgon. Yaani kumbukumbu ya kutoka kaskazini ni ya kweli, na jina ndilo lililobadilika. Na sisi tunaona hoja hii ina nguvu, kwa ushahidi ambao mzee yeyote wa Tarime anaubeba kichwani bila kujua thamani yake: majina ya rika za vizazi. Mkuria atakutajia Abasai, Abamaina, Abachuma, Abanyangi. Mwulize Mkalenjin wa Bonde la Ufa majina ya marika yake, atakutajia Sawe, Maina, Chumo, Nyongi. Lugha zao hazina undugu. Kikuria ni Kibantu na Kikalenjin si Kibantu. Majina haya hayakuanguka kutoka mbinguni pande mbili kwa sadfa. Watu hawa waliishi pamoja, au walipokezana na watu wa kati yao ambao leo hawapo tena, na wakachukua utaratibu wa kuhesabu vizazi. Ushahidi kama huu hauhitaji Farao.

Na lugha inasema zaidi. Wataalamu kama Derek Nurse na David Schoenbrun wameweka Kikuria, Kigusii, Kisimbiti, Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kizanaki na ndugu zake, pamoja na Kijita na Kikwaya, katika kundi moja la Kibantu la mashariki ya Ziwa, lililokuwa lugha moja zamani kabla ya kugawanyika. Ukivuka Mto Mara kutoka Tarime kuingia Serengeti unaweza kuuona undugu huo kwa masikio yako. Lakini sikiliza hadithi za asili. Waikoma hawasemi Misri. Wao husema walitoka upande wa Sonjo, mashariki. Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mara ya kusini na kuyatoa mwaka 2003, ameonesha kuwa watu hao wanasimulia zaidi juu ya mwindaji na mkulima waliokutana papo hapo nyikani, mmoja akiwa na moto na nyama na mwingine na nafaka. Lugha moja, hadithi za asili mbalimbali. Kumbe hadithi ya asili hufuata majirani na walimu kuliko inavyofuata damu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo husahauliwa. Hata jina "Wakuria" kwa maana ya watu wote hawa halikuwa likitumika sana zamani. Mtu alijitambulisha kwa ikiaro chake: Mnyabasi, Mwirege, Mkira, Mtimbaru, Mnyamongo. Ni utawala wa Wajerumani na Waingereza, uliowagawa pia kwa mpaka kati ya Tarime na Kehancha, uliolikuza jina moja. Watu ambao hawakujiita kwa jina moja wakati wanatoka huko walikotoka, vipi wote watakuwa na siku moja ya kutoka na mlango mmoja?

Shiraz ya pwani

Tusije tukamcheka ndugu yetu wa bara. Sisi wa pwani tuna Misri yetu, nayo ni Shiraz. Taarikhi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa muhtasari mwaka 1552 na ambayo nakala yake ya Kiarabu ilitoka kwa Sayyid Barghash mwaka 1877 ikafika London, inasimulia juu ya sultani wa Shiraz na wanawe waliopanda majahazi saba, kila jahazi likashuka mahali pake, na mmoja akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka. Kwa miaka mingi wazungu walilichukua hilo kama lilivyo. Kisha wengine, baada ya Neville Chittick kuchimba Kilwa miaka ya 1960, na hasa baada ya machimbo ya Shanga, ambako misikiti ilijengwa juu ya misikiti tangu karne ya pili ya Hijria, wakaelekea upande wa pili: hakuna Shiraz, miji hii ni ya Waafrika tangu msingi wake.

Mwaka 2023 gazeti la kisayansi la Nature lilitoa utafiti uliofanywa na Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao juu ya mifupa ya watu themanini waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, baadhi yao Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wakakuta kuwa kwa wengi wao nusu ya damu au zaidi ni ya Kiafrika, na karibu yote ya upande huo ni ya akina mama. Na upande wa Asia, kwa sehemu kubwa, ni wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000 Miladia. Basi wazee wa Kilwa hawakusema uongo, wala waliowapinga hawakuwa bila hoja. Waajemi walikuja. Walikuja wachache, wakaoa, na watoto wakazungumza lugha ya mama zao. Taarikhi ya Kilwa iliwahesabu akina baba waliokuja kwa jahazi na kuwanyamazia akina mama waliokuwapo ufukweni. Hili ndilo kosa la vitabu vingi vya nasaba, hata vyetu.

Na nisba ya Shirazi, kama ile ya Umayya kule Yemen, ilipanda na kushuka kwa kufuata manufaa. Unguja katika hesabu za watu za wakati wa Waingereza, maelfu waliojiandikisha Waswahili mwaka 1924 walipungua sana katika hesabu zilizofuata, na Washirazi na Waarabu wakaongezeka. Mama zao hawakuzaa kwa kasi hiyo.

Mizani ya maulamaa

Wanazuoni wetu walikuwa na mizani kabla ya haya yote. Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 456 Hijria (1064), mwanzoni mwa kitabu chake cha nasaba za Waarabu, amegawa elimu hii. Ipo iliyo faradhi kwa kila mtu: kumjua Mtume (s.a.w.) kuwa ni Mkureishi Mhashimi, na mtu kumjua baba yake, mama yake na jamaa zake ambao ni maharimu au wanaorithiana naye. Ipo iliyo faradhi ya kutosheleza. Sehemu ile ya kwanza ni fupi sana, na ndiyo yenye hukumu. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametuamrisha kujifunza nasaba kiasi cha kuunga udugu. Hakutuamrisha zaidi.

Nasaba yake mwenyewe Mtume (s.a.w.) wanazuoni wameafikiana mpaka kwa Adnan, baada ya Adnan wamekhitalifiana, na imepokewa kuwa Imam Malik alichukia mtu kuipandisha nasaba mpaka kwa Adam, akauliza ni nani aliyemjulisha hayo. Ikiwa kwa mbora wa viumbe tunasimama kwa Adnan, kwa nini tusisimame kwa babu wa sita au wa saba wa Nyakunguru?

Ibn Khaldun (aliyefariki 808 Hijria, 1406) amekwenda mbali zaidi. Anaona kuwa nasaba, inapokuwa ya mbali, ni jambo la fikra tu, na faida yake ni ule mshikamano unaozaliwa nayo. Mshikamano ukikosekana, nasaba haina kazi. Amewakosoa wapokezi waliowafanya Waberberi wa Sanhaja na Kutama kuwa ni wa Himyar. Na amesimulia juu ya Yaghmurasan bin Zayyan, mtawala wa Tilimsan wa karne ya saba Hijria, aliyeambiwa kuwa yeye ni wa kizazi cha Idris, yaani Sharifu. Akajibu kwa lugha yake ya Kiberberi kuwa dunia waliipata kwa panga zao, si kwa nasaba hiyo. Na kama ina faida akhera, hilo liko kwa Mwenyezi Mungu. Tunampenda mtu huyu.

Madhehebu yetu ya Shafii, kama alivyoandika Imam Nawawi katika Minhaj, yanakubali ushahidi wa nasaba kwa kuenea kwa khabari baina ya watu. Wengine wataitumia hoja hii kumtetea mwenye nisba ya Misri. Lakini kuenea huko kunakokusudiwa ni juu ya fulani kuwa mwana wa fulani, au wa kabila fulani, jambo lenye hukumu ya urithi na ndoa. Hakuna kadhi anayegawa urithi kwa Farao.

Kilichokuwa nyuma ya nisba

Tungeishia hapo lau kijana hakurudi kwetu faragha. Tulipomwambia kuwa nisba ile si haramu kama anakusudia masimulizi ya wazee wake, ila haina dalili na kuiacha ni bora, hakujali. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Alikuwa ameposa binti wa nyumba ya Waislamu wa muda mrefu, watu wenye asili ya pwani, nao walimwuliza mambo mawili: asili yako nini, na baba yako nani? La kwanza alikuwa na jibu, Misri. La pili hakuwa nalo, kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumba ntobhu.

Wasomaji wa mbali huenda hawalijui jambo hili. Katika desturi ya Wakuria mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akamwoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Mwanamume huteuliwa azae na msichana huyo, lakini watoto si wake. Huhesabiwa ni wa nyumba ya yule mama na mumewe, hata kama mume amekwisha kufa zamani. Mwenye kuichunguza taarikhi ataona kuwa orodha ndefu za mababu anazosomewa na wazee ni orodha za nyumba, si za damu, na jina moja katikati laweza kuwa la mtu aliyekufa kabla mwanawe hajatungwa mimba. Yuko wapi basi anayetaka kuihesabu orodha hiyo mpaka Misri?

Kifiqhi, hakuna nikahi baina ya wanawake wawili, na mume aliyekufa si baba. Mwenyezi Mungu katika Suratul Ahzab, aya ya 5, ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasipojulikana baba zao basi wao ni ndugu katika dini. Mtoto hana dhambi yoyote, na nasaba yake kwa mama yake imethibiti, wanarithiana. Kuhusu mzazi wake wa kiume, jamhuri ya maulamaa hawamnasibishi mtoto kwa aliyemzaa nje ya ndoa. Lakini Imam Malik katika Muwatta amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwanasibisha watoto waliozaliwa katika Jahiliya na wale waliowadai katika Uislamu. Kijana huyu alizaliwa mama yake akiwa hajaujua Uislamu, kwa desturi ambayo wenyewe waliiona ni halali. Tumeona, kwa kukisia na hukumu hiyo ya Umar, kuwa yule mwanamume akikiri kuwa ni mwanawe, na hakuna mwingine anayemdai, atanasibishwa kwake. Anayetofautiana nasi katika hili ana haki yake, na tunamwomba atuandikie.

Na wale wakwe tuliwaeleza kuwa nasaba ya mume si nguzo ya nikahi. Ulinganifu katika madhehebu yetu ni haki ya binti na walii wake, na wakiridhia wao umekwisha. Fatima bint Qays, Mkureishi, Mtume (s.a.w.) alimshauri aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, ambaye watu walikuwa wakimsengenya nasaba yake kwa weusi wake. Ni huyu Usama ambaye Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kutambua nyayo, aliangalia miguu yake na ya baba yake, akasema ni ya damu moja, na Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Bibi Aisha (r.a.) uso unang'aa kwa furaha. Furaha ile ilikuwa kwa ajili ya baba na mwana, watu wawili waliolala chini ya shuka moja. Wataalamu wa damu wa leo wakiitwa kwa jambo la namna hiyo, Imam Shafii aliyekubali ushahidi wa mtambua nyayo asingewakataa, kwa dhana yetu.

Mwanamume huyo yu hai, anakaa ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti. Kijana amekwenda mara moja na wazee wawili. Wamekaribishwa, wamekula, na jambo lenyewe halikutajwa, kwa kuwa mbele ya watoto wake wengine si jepesi. Watakwenda tena baada ya mavuno. Katika daftari ameiacha nafasi tupu baada ya neno "bin".

Wallahu aalam.